Omari, usipeleke pesa Ijumaa

Nairobi, Jumanne usiku

Ndugu yangu Omari,

Assalaam aleikum. Tangu Idi sijakuandikia, nisamehe. Mama alilazwa wiki mbili, sasa yuko nyumbani na anakula vizuri, tunamshukuru Mungu. Shemeji hajambo? Haya, niingie kwenye jambo lenyewe maana limeninyima usingizi.

Kassim ameniambia unataka kuifungia ile Toyota yako ya DX kabureta (vyombo vya kuchanganyia petroli na hewa) mbili za Weber 40 DCOE, na Ijumaa unapeleka pesa. Nakuomba usipeleke. Soma kwanza barua hii mpaka mwisho.

Najua zinavyovutia. Makoo manne yamepangana ubavuni mwa injini, na ule mlio ukikanyaga, hata mimi moyo hunidunda. Lakini gari lako linafanya kazi gani? Asubuhi unapeleka watoto shule. Mchana uko kwenye foleni ya feri Likoni, injini inanguruma palepale, jua la utosi. Jumamosi ndiyo unalifungulia kidogo kwenda Malindi. Injini yenyewe ni 5K iliyotoka kwenye LiteAce, umebadilisha kemshafti (mhimili wa kufungulia vali) ya wastani na kuifungua ekzosi, basi. Hiyo ni injini ya barabarani iliyochangamshwa. Bado haijawa ya mashindano.

Piga hesabu nami. 5K ni sisi (cc) 1486, na inavuta hewa ya ujazo huo kila krenki ikizunguka mara mbili. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni lita 4,458. Silinda hazijai sawasawa, kwa hiyo toa kama asilimia 15, zibaki 3,800 hivi. Hapo umekanyaga mpaka sakafuni. Wakati mwingi wewe uko kwenye 2,000, na hata ukikanyaga yote hapo, hazifiki lita 1,500. Petroli nayo haisukumwi kuingia. Mbio za hewa pale koo linapobana ndizo zinazoifyonza kwenye jeti, kile kitundu kinachoipima. Kassim anasema hizo mbili zina venturi, yaani hizo sehemu za kubana koo, za milimita 34 ndani. Silinda yako moja ni sisi 371 tu, Omari! Hewa itapita humo imelegea, petroli itachelewa, na ukikanyaga ghafla kutoka kwenye taa gari litakohoa kabla halijaondoka.

Kweli, venturi hubadilishwa. Lakini utanunua nne, na jeti za kila koo, na manifoldi yake (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), kisha umtafute fundi wa kuzilinganisha zivute sawa. Huko Mombasa utampa nani, sasa kwa kuwa Mzee Shabani ameacha kazi?

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Unaikumbuka injini yangu ya 4K nilipoifungia kabureta ya 38 DGAS, ile ambayo makoo yake mawili hufunguka kwa pamoja? Kwenye mizunguko ya juu ilikuwa tamu. Kwenye mizunguko ya chini, kwenye mlima wa kwenda Limuru, nyuma ya lori, gia ya pili, ilikuwa inazama kila nikigusa akseleta. Miezi minne nilibadilisha jeti nikidhani kosa liko hapo, kumbe kabureta yenyewe ilikuwa kubwa kwa injini ile. Nilipofunga 32/36 DGV, gari lilivuta vizuri siku ileile.

Na hiyo ndiyo ninayotaka ufunge. Koo la milimita 32 hufunguka kwanza, na hilo linatosha mjini kwa mafuta ya kadiri. La 36 linafuata mguu ukishuka sana. Kwenye manifoldi yako ya sasa inakaa kwa kibao cha kuunganishia tu. Ila injini hizi za K zina ingizo na ekzosi upande mmoja, moto wote unapanda kwenye kabureta, kwa hiyo usisahau kipande kinene cha kuzuia joto katikati, hasa kwa foleni zako za feri.

Ninayo moja rafuni, nzima, ekseli yake ya kufungulia makoo haichezi. Ukinunua nyingine popote itikise ekseli kwanza; ikicheza inavuta hewa ya wizi na hakuna jeti itakayoitibu. Nitakutumia yangu kwa basi, habari ya pesa tutaongea baadaye. Lakini tafadhali usiifunge ilivyo. Huku tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na jeti kuu ya koo la kwanza nimeishusha mpaka 135, yaani tundu la milimita 1.35. Huko pwani hewa ni nzito. Ukiiacha hivyo petroli itapungua na injini itachemka. Anza na 140. Nitaifunga kwenye karatasi pamoja na kabureta. Ukisharudi kutoka Malindi, zima injini kabla haijanguruma sana, toa plagi uziangalie: hudhurungi ni sawa, nyeupe ongeza jeti, masizi meusi punguza. Presha ya pampu ya petroli isizidi pauni 3 na nusu kwa inchi ya mraba, sindano ya floti inayozuia petroli isifurike haitahimili.

Najua umekuwa ukiziota hizo mbili tangu tukiwa vijana pale kwa Baba Rehema, na sipendi kuwa mimi wa kukukataza. Lakini gari hili ndilo linalobeba watoto.

Sasa nijibu. Umeshatoa chochote kama malipo ya awali, au bado? Kemshafti ile uliisaga kwa kipimo gani, una karatasi? Pampu ni ya zamani au ya umeme? Distributa, ile ya kugawa cheche, umeipeleka kuangaliwa? Na Kassim naye, mbona hakukwambia mwenyewe? Utakuja harusi ya Desemba na hilo gari, au kwa treni?

Nipigie kabla ya Ijumaa, hata usiku wa manane.

Ndugu yako,
Baba Imani