Barua kwa mwanangu: Mtoto ajue mstari aliopotelea

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia umepewa Gredi ya 7 uifundishe hapo Malindi. Unasema watoto wanasoma kwa sauti vizuri, hawakwami, lakini ukiwauliza kifungu kinahusu nini wanakutazama tu. Nitakujibu kwa urefu, maana mtoto wa umri huo akiachwa hivyo atashindwa na kila somo. Sayansi, kilimo, maarifa ya jamii, yote yamo vitabuni.

Kwanza ondoa dhana kwamba ni wavivu. Mtoto wa pwani yetu anasoma tangu chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na huko ufasaha wa ulimi una heshima yake: kila herufi itoke mahali pake, na akiteleza mwalimu yupo, anamrudi papo hapo. Kazi ya kusikia kosa ni ya mwalimu. Akifika kwenye kitabu cha sayansi anachosoma kimyakimya, hakuna wa kumrudi. Anateleza, anaendelea, anafika mwisho akiamini amesoma. Basi unachomfundisha ni kujisikiliza mwenyewe: asome huku akijua wapi anaelewa na wapi ameacha kuelewa.

Usidhani ni tatizo la watoto wetu pekee. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Markman, alichapisha utafiti ambamo watoto wa shule ya msingi walipewa vifungu vinavyojipinga. Kimoja kilisema kuwa chini kabisa ya bahari hakuna mwanga hata kidogo, kisha kikasema samaki wa huko hukitambua chakula chao kwa rangi. Wengi hawakuona kasoro, hata wale wa darasa la sita. Kila sentensi waliielewa peke yake, ila hawakuzikutanisha.

Anzia hapo. Andika kifungu kifupi, utie mgongano mmoja, na uwaambie mapema kwamba umo. Chagua jambo wanalolijua, kwa mfano hili:

"Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, na miamba isiyoonekana siku nyingine hubaki wazi. Wavuvi wa pweza wanaokwenda kwa miguu huzingojea. Ndiyo maana mwezi ukiwa nusu hutoka wengi, kwa kuwa maji hupwa kuliko siku zote."

Mtoto wa mvuvi atalidaka kosa mara moja, na mwengine atalipita. Usiwape jibu. Waulize ni mstari upi na upi usiokubaliana. Siku ya pili leta kifungu cha jambo wasilolijua, labda theluji au reli, nacho kina mgongano. Hapo ndipo utakapojua hali yao. Aliyelidaka la bamvua kwa sababu ya bahari anayoijua anaweza kushindwa kabisa na la theluji, kwa kuwa hajazoea kupima sentensi kwa sentensi nyenzake. Anahitaji mizani zote mbili: ninachokijua mimi, na kilichosemwa na kitabu mistari mitatu nyuma.

Baada ya hapo, waza kwa sauti mbele yao. Hii ndiyo sehemu ambayo walimu wengi huiruka, kwa kuwa inawaonyesha wakibabaika. Mwanafunzi anaona mwalimu anajua tu. Hajawahi kuona namna mwalimu anavyojikwamua. Chukua kifungu cha maneno 150 hadi 200. Unaposoma, macho yawe kitabuni. Unapowaza, nyanyua uso na ubadilishe sauti, ama sivyo watachanganya maneno ya kitabu na yako. Simama mara nne au tano tu. Ukisimama kila sentensi, kifungu kitakatikakatika na hakuna atakayejua kinakwenda wapi.

Kwa mfano, soma: "Mizizi mingine ya mkoko huchomoza juu ya tope." Nyanyua uso: "Juu? Mimi najua mizizi huenda chini. Ama nimesoma vibaya, ama kuna sababu. Narudia. Ni kweli, imeandikwa juu. Basi naendelea sentensi moja nikaone." Soma: "Tope hilo lina oksijeni kidogo mno, kwa hivyo mizizi hiyo hupata hewa maji yanapokupwa." Nyanyua uso tena: "Alaa, inatoka kutafuta hewa. Sasa nimeelewa, na swali langu limejibiwa." Umewaonyesha kugundua, kurudia, kuendelea kidogo na kuhakikisha, yote kwa muda usiozidi dakika moja.

Vifungu vya Kiswahili vina mtego ambao watoto hawaushuku, nao ni viambishi vya ngeli. Soma hii: "Mizizi ya mkoko hushika mchanga, ukiondoka, nyumba za ufuoni huwa hatarini." Huo *u-* ni wa mkoko au wa mchanga? Sarufi inaruhusu vyote viwili. Ingekuwa *ikiondoka*, ni mizizi. Wafundishe kila wakutanapo na kitenzi kisichotajiwa mtendaji wajiulize: hapa ni nani au ni nini? Warudi nyuma wakitie kidole. Mara nyingi sana mtoto anayesema "sielewi" amepoteza *i-* au *u-* mmoja tu mistari miwili nyuma, na akiupata kifungu chote kinafunguka. Mimi naliona hili ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote, na halihitaji hata shilingi.

Vitabu ni vya shule, haviandikwi. Kunja karatasi kwa urefu uiweke pembeni mwa ukurasa, mtoto aandike nambari ya mstari na alama: vema kwa alichoelewa, alama ya kuuliza alipopotea, alama ya mshangao kwa jambo jipya. Alama tatu zinatosha. Ukiwapa saba, watashughulika na alama waache kusoma.

Jitayarishe kwa aibu. Wiki ya kwanza karatasi zitarudi zimejaa vema tupu. Si uongo hasa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hataki mwenzake amuone hajui. Dawa yake ni kufanya alama ya kuuliza iwe sehemu ya kazi: kila ukurasa uwe na angalau mbili, na karatasi yako wewe iwe nazo pia, uibandike ubaoni. Kisha usikubali "sielewi" iliyo tupu. Ataje mahali: "Nilielewa mpaka mstari wa 6, kuanzia 'hata hivyo' nikapotea." Mtoto aliyefika hapo nusu ya kazi ameimaliza. Nawe akishataja mahali, nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kusema lolote, kwa sababu ukimfafanulia upesi umemrudisha kulekule kwa msikilizaji wa nje.

Akishajua alipopotea, awe na la kufanya. Arudie sentensi polepole. Asome mbili za mbele. Atazame mchoro. Avunje neno: *yasiyotegemeka* lina *tegemea* ndani yake. Yote yakishindikana, amuulize jirani, kisha wewe. Ila kama katika maneno 100 zaidi ya matano hayajui, kifungu ndicho kibaya, si yeye. Mpe chepesi zaidi.

Kuna njia ya vikundi iliyopangwa na Annemarie Palincsar na Ann Brown, pia wa Marekani, waliyoichapisha mwaka 1984. Waliifanyia kazi na wanafunzi wa darasa la saba wa huko waliokuwa kama wako, wanaotamka maneno vyema lakini ufahamu ni hafifu. Kazi ni nne: kufupisha, kuuliza swali, kufafanua palipo na utata, kutabiri kinachofuata. Mwanzoni mwalimu ndiye anayeongoza, halafu wanafunzi wanapokezana kuwa mwalimu. Kwa darasa lako la hamsini, wagawe wannewanne na zamu ibadilike kila aya, si kila wiki. Ukimwachia mmoja kazi ya kutabiri wiki nzima, hatajifunza hizo nyingine.

Kila kazi ina ugonjwa wake. Ufupisho utakuwa sentensi ya kwanza iliyonakiliwa, kwa hivyo kitabu kifungwe na aseme kwa maneno yasiyozidi 15. Maswali yote yatakuwa ya nani na wapi. Omba la kwa nini au vipi katika kila aya. Utabiri utakuwa ndoto tupu mpaka umlazimishe kumaliza na "kwa sababu kitabu kimesema…" Ufafanuzi watauruka wakidai hakuna kilicho kigumu. Hapo wewe ndiye wa kuchagua sentensi na kusema, "Nielezeni hii."

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: wewe uwaze kwa sauti dakika nane, vikundi ishirini, kuripoti saba, na tano za mwisho kila mtoto aandike mahali pamoja alipopotea na alivyotoka. Karatasi hizo zisome jioni. Ndizo zitakazokuambia kifungu cha kesho kiwe kipi.

Vitabu vya sayansi ni vya Kiingereza, na hapo usiwe mkali. Asome Kiingereza, awaze Kiswahili, hata Kiamu au Kigiriama cha nyumbani. Ukimlazimisha awaze kwa lugha anayoihangaikia, atanyamaza, na fikra zilizonyamazishwa hutaweza kuzikagua.

Mueleze mwalimu mkuu mapema kwamba mwanzoni watasoma polepole zaidi, kwa sababu sasa wanasimama. Baada ya wiki kadhaa utawasikia wenyewe wakisema "ngoja, turudi" bila kuambiwa. Ukianza kuyasikia hayo, punguza karatasi, kisha uziondoe kabisa. Mtoto asizoee kusoma kwa ajili ya kujaza alama.

Kifungu cha mikoko nimekiandika chote nyuma ya karatasi hii. Kiweke ubaoni kabla ya kengele kisikulie dakika zako nane, na uniandikie waliweka alama ya kuuliza mstari gani. Wasalimie wajukuu zangu na mama yao.

Wasalaam,
Mamako