Safari za Kiingereza: wazazi waulize idadi kabla ya kuuliza mahali

Mhariri,

Kila likizo ya kiangazi inapokaribia, matangazo ya safari za kwenda kujifunza Kiingereza huongezeka, na mengi hupambwa kwa picha za majumba ya kale na vijana wanaocheka viwanjani. Nikiwa mwalimu wa lugha, naomba nafasi niwaeleze wazazi kwamba hayo ndiyo ya mwisho kuangaliwa. La kwanza ni idadi: darasani watakuwa wangapi, na katika nyumba atakayofikia mtoto watakuwemo wangapi wanaozungumza lugha yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 40, hata mwalimu asipofungua kinywa, kinamwachia kila mmoja dakika moja tu ya kusema. Kikundi cha watu 6 kwa saa nzima kinampa kila mmoja dakika kumi, wala hapati pa kujificha nyuma ya mwenzake anayejua zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kusikia lugha mchana kutwa kunatosha. Kanada ilikwisha kulijaribu hilo. Mwaka 1965, huko St. Lambert, Quebec, watoto wa wazungumzaji wa Kiingereza walianza kusomeshwa kwa Kifaransa, na mpango huo ukaenea nchini. Watoto wa madarasa ya aina hiyo walifikia kukielewa Kifaransa vizuri sana, lakini usemaji wao ulibaki na makosa mengi, na mwaka 1985 mtaalamu Merrill Swain alieleza kwamba mwanafunzi anahitaji pia kulazimika kusema, na kusema kwa namna itakayoeleweka.

Ulazima huo ndio unaopatikana katika nyumba ya mwenyeji. Kijana anayesikia baridi usiku na hajui blanketi linaitwaje hana budi kwenda kueleza kwamba anataka kitu kizito cha kujifunika, huku mikono ikisaidia. Asubuhi akisema, “Jana nalala vizuri,” mwenyeji mwenye busara hamkosoi, bali hudakia, “Alaa, jana ulilala vizuri? Baridi haikukusumbua tena?” Kosa limesahihishwa na mazungumzo hayakukatika. Lakini wakiwekwa vijana watatu wa lugha moja chumba kimoja, yote hayo huharibika, kwa kuwa mmoja atageuzwa mkalimani na wawili watapumzika. Simu nayo ni chumba cha namna hiyo hiyo, na wazazi tunaopiga kila jioni tunachangia. Shule za lugha za kiangazi za Chuo cha Middlebury, Marekani, zilizoanza mwaka 1915 kwa Kijerumani, huwataka wanafunzi watie sahihi ahadi kwamba watazungumza lugha wanayojifunza peke yake. Kwa watoto wetu ahadi kama hiyo ingeweza kuwekwa angalau kwa saa za mchana.

Nisieleweke kwamba naahidi miujiza. Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza huko Uingereza, hukadiria takriban saa 200 za masomo ili mtu apande kutoka ngazi ya A2 (ya msingi) hadi B1 (ya kati), ilhali majuma matatu yenye saa 15 za darasa kila juma hayatoi zaidi ya saa 45. Hata tukiongeza maongezi ya mezani na matembezini, anayetangaza kwamba mtoto “atarudi anazungumza kwa ufasaha” anauza maneno. Anayefaidika zaidi ni yule aliyesoma miaka kadhaa, anayejua sarufi lakini anaona haya kusema. Asiye na msingi wowote ni afadhali asubiri, kwani siku nyingi zitampita akiwa ameduwaa.

Nawaomba basi waandaaji waandike katika matangazo yao idadi ya juu ya wanafunzi darasani, idadi ya wageni katika kila nyumba, na utaratibu wao wa kuwatenganisha wenye lugha moja. Mzazi asiyepata majibu hayo kwa maandishi asilipe.

Mwalimu wa lugha