Mkuu wa kampuni "amenunua" hisa? Tazameni mstari unaofuata

Mhariri,

Kurasa zenu za biashara zimezoea kuandika kwamba mtendaji mkuu fulani wa Marekani "amenunua hisa 100,000 za kampuni yake", na msomaji anabaki kuamini kwamba bwana huyo ana imani na kampuni. Mara nyingi ametumia opsheni tu, yaani haki aliyopewa na kampuni ya kuchukua hisa kwa bei iliyopangwa zamani, na kabla soko halijafungwa hisa zote zimeshauzwa. Habari imesomwa miguu juu, kichwa chini.

Tupige hesabu. Opsheni ni za hisa 100,000 kwa dola 20 kila moja, na sokoni hisa ni dola 50. Akizitumia leo, tofauti ni dola milioni 3. Lakini opsheni hizi kwa kawaida huishi miaka 10. Kama imebaki miaka minne, kuzitumia sasa ni kutupa thamani ya muda: angesubiri, bei ikipanda angevuna, ikianguka hajatoa senti. Mtu wa kawaida mwenye opsheni ya sokoni angeiuza. Mtendaji haruhusiwi kuiuza ya kwake, na huenda mali yake yote imelala kwenye kampuni hiyo moja. Kwa hiyo kuitumia mapema peke yake hakumtii mtu hatiani. Wakili wake atalisema hilo mahakamani, na mara nyingine atakuwa anasema kweli.

Dalili zimo katika namna anavyoitumia.

Namna inayojulikana zaidi ni kutumia na kuuza siku hiyohiyo. Broka anatanguliza zile dola milioni 2 za kulipia hisa, anaziuza, anakata chake na kodi, mtendaji anapokea kilichobaki. Ni njia ya mwenye haja ya fedha, lakini pia ni njia ya anayejua kwamba hesabu za robo mwaka zitakuja mbaya. Joseph Nacchio, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Qwest, alitiwa hatiani mwaka 2007 kwa makosa 19 ya kuuza hisa za takriban dola milioni 52 mwaka 2001 huku akijua mambo ambayo wanahisa hawakuyajua.

Namna ya pili, kutumia na kukaa na hisa, haizungumzwi sana, nasi tunaona ndiyo yenye utamu. Hapa mtu anatoa dola milioni 2 mfukoni mwake na kodi juu yake, ilhali angeweza kusubiri bure. Kwa nini afanye hivyo? Kwa opsheni zisizo na nafuu maalumu ya kodi, tofauti ya siku ya kutumia hutozwa kama mshahara, ambao kiwango chake cha juu cha kodi ya shirikisho ni asilimia 37. Kinachopanda baada ya siku hiyo, akikaa na hisa zaidi ya mwaka mmoja, hutozwa kama faida ya mtaji, kiwango cha juu asilimia 20. Anayejua kwamba habari njema ziko njiani atatumia opsheni kabla ya tangazo. Hisa ikitoka dola 50 hadi 70, dola milioni 2 zimehamia kwenye kapu la kodi ndogo, naye ameokoa dola 340,000. Kampuni nyingi huruhusu jambo hili hata wakati ambao wakuu wamezuiwa kufanya biashara ya hisa, kwa hoja kwamba anayelipwa ni kampuni yenyewe na hakuna mnunuzi wa nje aliyepunjwa.

Ya tatu ni kuirudishia kampuni sehemu ya hisa ili kulipia bei au kodi. Hapo thamani inayohesabiwa ni ya siku ya kutumia, kwa hiyo mtendaji anatamani siku hiyo bei iwe juu kabisa. Utafiti wa David Cicero uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliokaa na hisa waliangukia kwenye siku za bei ya chini, na waliorudishia kampuni wakaangukia kwenye siku za bei ya juu. Bahati haiwi na macho namna hiyo. Baadhi walikuwa wakichagua tarehe baada ya siku kupita: mwaka 2004 SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, iliishtaki kampuni ya Symbol Technologies, ambako wakuu walitazama nyuma siku 30 na kujichagulia iliyowafaa. Iliwezekana kwa sababu taarifa ya muamala ilitakiwa ifike tarehe 10 ya mwezi uliofuata. Tangu Agosti 2002, chini ya sheria ya Sarbanes-Oxley, zinatolewa siku mbili tu za kazi.

Taarifa hiyo ni Fomu 4, na inasomwa bure kwenye tovuti ya SEC. Herufi M ni kutumia opsheni, S ni kuuza sokoni, F ni hisa zilizobaki kwa kampuni au kurudishwa kwake ili kulipia bei au kodi. M na S za siku moja, idadi ileile, hapo hakuna ununuzi. M peke yake, nenda jedwali la pili ukatazame tarehe ya opsheni kuisha: ikiwa ni wiki ijayo, alilazimika, ikiwa ni miaka mitano mbele, endelea kuuliza. F msiiandike kuwa "ameuza", kosa ambalo hurudiwa kila msimu wa malipo ya wakuu. Wingi wa fomu siku chache baada ya matokeo ya robo mwaka nao usiwashtue. Ndipo dirisha la biashara, yaani kipindi ambacho wakuu wanaruhusiwa kununua na kuuza hisa, hufunguliwa.

Tangu Aprili 2023 kuna pia kisanduku kinachosema kama muamala ulifuata mpango wa Kanuni ya 10b5-1, uliopangwa mapema. Kisanduku si hirizi. Tazameni tarehe ya mpango kwenye maelezo ya chini: kwa mpango mpya, mkurugenzi au ofisa lazima angoje angalau siku 90 kabla ya muamala wa kwanza. Zamani wengine walisaini mpango na kuanza kuuza baada ya siku chache.

Tunachoomba ni kidogo. Andikeni "ametumia opsheni", kisha mwongeze namba moja iliyo kwenye safu ya tano ya jedwali la kwanza: hisa alizobaki nazo baada ya muamala.

Wasomaji wenu wa kurasa za biashara