Barua kwa Mwanangu: Mshumaa Usiingie Bwenini

Mafinga, Septemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani tu wazima, baba yako na wadogo zako wanakusalimia. Habari ya Nyeri, Kenya, najua hata huko mmeisikia. Wavulana 21 wamekufa kwa moto bwenini, watoto wa shule ya msingi, wengine hawajafikia hata umri wa mdogo wako. Tangu redio itangaze, usingizi siupati.

Uliporudi likizo ya Juni nilifungua tranka lako nitoe nguo za kufua. Daftari la Kemia nikalikuta na matone ya nta, yameganda juu ya zile hesabu za moli. Blanketi la kijivu nalo lina tundu pembeni, limeungua, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Sikukuuliza. Nilijiambia mtoto anajisomea, nimwache. Basi leo nasema: mama, usiwashe mshumaa bwenini. Hata wa nusu saa, hata siku ya kuamkia mtihani.

Wewe huwezi kukumbuka, ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, hapa hapa mkoani kwetu Iringa, liliungua usiku, wakafa wasichana 12. Ilielezwa kuwa chanzo ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea. Mtoto wa watu alikuwa anatafuta kufaulu, kama wewe.

Najua utanijibu nini. Utasema prepo haitoshi, taa zinazimwa mapema, na kitabu cha Fizikia mnakigombania. Maktaba yenu niliiona siku ya wazazi. Ni chumba kimoja, makabati matatu, na kitabu cha Biolojia nilichokifunua kimekatwa kwa wembe kurasa zote za usanisinuru. Sijui aliyekata anadhani wenzake wasome wapi. Ufunguo anao mwalimu wa Kiswahili, naye ana vipindi karibu siku nzima, kwa hiyo maktaba inafunguliwa siku akipata nafasi. Hiyo ndiyo shule ndogo. Naipenda kwa sababu walimu wanamjua kila mtoto kwa jina, lakini walimu wenyewe ni wa kuhesabu, na Fizikia mpaka leo mnafundishwa na kijana wa kujitolea.

Sasa kwa kuwa mnajuana, nenda kamwombe yule mwalimu wa Kiswahili akupe zamu ya maktaba, wewe na wenzako wawili. Kaunta buku la kuazimia nililitazama, jina la mwisho liliandikwa mwezi wa tatu. Vitabu vinatoka, havirudi, na hakuna anayefuatilia. Mkiwa mnaandika vinavyotoka na vinavyorudi, atawaamini na ufunguo kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na mbili. Ukitoa usafi na michezo bado unabaki na muda wa kutosha kwenye mwanga wa jua, badala ya kukaa bombani mnapiga soga halafu usiku ndiyo unakumbuka daftari.

Na kukesha kwenyewe naona kunatokana na Kiingereza. Shule ya msingi mlisoma kila kitu kwa Kiswahili, Kidato cha Kwanza mkageuziwa lugha. Unasoma sentensi mara ya kwanza ujue maneno, mara ya pili ndiyo ujue somo. Lazima saa zikuishie. Kamusi ipo kabati la katikati, rafu ya chini. Kaa nayo mchana. Halafu acha kunakili kitabu kizima. Daftari lako la Historia lina mwandiko mzuri sana, lakini ulipokuwa hapa ulishindwa kumweleza mdogo wako Vita vya Majimaji bila kulifungua.

Hesabu 71! Mwalimu wa taaluma alinitajia mbele ya wazazi wengine, nikashindwa hata kumshukuru. Zimebaki nne tu kufika A. Ila Kiswahili C, mama? Kwenye somo hilo hukuhitaji mshumaa wala kamusi.

Baba yako anasema nipunguze kukutajia daraja la kwanza kila ninapopiga simu. Huenda ana haki. Mtihani wa taifa ni Novemba mwakani, na pointi 7 mpaka 17 za daraja hilo unazijua kuliko mimi. Ukirudi na daraja la pili, au hata la tatu, umerudi kwa miguu yako, nitakupokea. Mshumaa usiwashe.

Kama anayewasha ni mwenzako wa dabodeka ya juu, mwambie matroni. Wakikuita mbea waache wakuite. Na muulize matroni mlango wa bweni unafungwa na nani usiku, na ufunguo unalala wapi. Madirisha yenu yana nondo, niliyaona.

Mdogo wako amemaliza mtihani wa Darasa la Saba juzi. Anasema ulikuwa rahisi, jambo linalonitia wasiwasi, na anataka aje shuleni kwenu. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnywesha kwa chupa. Bati la jikoni bado linavuja. Baba yako ananunua mbao kila wiki za kuwauzia watu, za kwake hazipatikani. Mvua zikianza sijui tutapikia wapi.

Disemba usije moja kwa moja nyumbani. Shuka Iringa mjini kwa shangazi yako, ukae wiki mbili, akupeleke Maktaba ya Mkoa ujiandikishe. Kule unasoma mezani mpaka uchoke, na utakayoyakosa kwenye kile kitabu kilichokatwa utayapata.

Kwenye mfuko huu kuna karanga, sabuni ya mche, kandambili na taa ndogo ya sola. Taa mwonyeshe matroni kwanza, aiandike, kisha uianike dirishani mchana. Mishumaa iliyobaki mkabidhi yeye. Nauli ya Disemba nitaituma kwenye simu yake mwisho wa Novemba, na Jumapili hii nitampigia saa kumi, uwe karibu.

Mama yako