Shosti, ule wimbo wa nyota

Shosti wangu, hujambo huko Brussels, baridi limepungua? Sisi huku tunaendelea, joto ni lile lile na umeme unakuja unaondoka. Nimechelewa kukujibu sababu sikutaka nikutumie voisi noti ya dakika moja halafu basi, ule wimbo ulionitumia, La Quête wa Jacques Brel, umeniingia sana nikaona bora nikae niandike.

Mwanzo nilisikiliza tu sauti maana Kifaransa mi sina. Huyo Brel anaanza taratibu kabisa, halafu sauti inapanda, inapanda, mpaka unaogopa kifua chake kitapasuka. Nikatafuta habari zake, kumbe asili ya wimbo ni Kiingereza, unaitwa The Impossible Dream, umetoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Marekani wa mwaka 1965, Man of La Mancha, muziki wa Mitch Leigh na maneno ya Joe Darion, na Brel akaupenda mpaka akauweka mchezo mzima kwa Kifaransa na kucheza yeye mwenyewe Don Quixote, yule mzee anayejiona shujaa wa vita, wakaanzia hapo hapo mjini kwenu, ukumbi wa La Monnaie, 1968. Ukipita hapo unikumbuke.

Sasa wengi wanauchukua kama wimbo wa kutia moyo, kwamba komaa tu utafika. Mi naona hapana. Wimbo hausemi utafika popote, unasema kuna nyota mkono wako hauifikii na adui humwezi, na bado nenda, hata kama tumaini hakuna. Hicho ndo kimenishika.

Si unaijua nyota yangu, tangu tuko chuo nasema nataka nisione mama anakufa kwa kuleta mtoto. Hata mmoja. Na kweli tumetoka mbali, takwimu za Tanzania za 2015/16 zilikuwa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai laki moja, za 2022 zikashuka mpaka 104, nafurahi sana nikiziona, ila ukiwa wodini 104 sio namba, ni mtu ana kanga aliyofungiwa na mama yake. Mama amejifungua vizuri, mtoto analia, unageuka kuandika faili, ukirudi shuka lote damu. Unachoma oksitosini, dawa ya kuzuia damu, unasugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, mwenzio anakimbilia damu na grupu lake halipo. Mwezi wa tatu tulimpoteza mmoja, alitoka mbali akafika ameshaisha nguvu, sitaki kuandika zaidi ya hapo. Wenzangu wakaniambia zoea, kazi ndo hii. Mi sitaki kuzoea shosti, na ule wimbo ndo wa kwanza kuniambia sina lazima ya kuzoea.

Ila aliyenigusa zaidi ya Don Quixote ni yule Aldonza wa kwenye mchezo. Ni mhudumu wa nyumba ya wageni, wanaume wanaopitisha nyumbu pale wanamchezea wanavyotaka, halafu anakuja huyu mzee Don Quixote anamwita Dulcinea na kumheshimu kama bibi wa heshima. Yeye ndo anamuuliza haya yote unayafanyia nini, na wimbo ndo jibu. Baadaye wale wanaume wanampiga na kumfanyia unyama, kwa hiyo nyota haikumsaidia kitu usiku ule. Lakini mwisho mzee yuko kitandani anakufa, ameshasahau kila kitu, anayemkumbusha maneno ya wimbo ni Aldonza, na wakimwita jina lake la zamani anasema yeye ni Dulcinea. Nililia.

Kwa hiyo sa hivi nimebadilisha kitu. Si unajua tunavyoongea wodini, kitanda namba sita njia imefunguka sentimita nane, namba mbili ana presha. Mi nawaita majina, kila mmoja, hata nikiripoti kwenye kubadilishana zamu. Juzi kuna binti alikuwa kimya usiku mzima anauma kanga, nilivyomwita jina lake akafumbua macho akaniuliza dada utakuwepo mpaka asubuhi? Nikamwambia nipo. Sijui kama hilo linapunguza 104, labda halipunguzi, lakini naona ndo kuifuata nyota kwenyewe.

Sehemu moja tu siafikiani na wimbo, pale mwisho wanapomsifu mtu mmoja mwenye makovu anaendelea peke yake. Peke yangu mi siwezi kitu. Nyota yetu inataka dereva wa ambulensi mwenye mafuta, mtu wa maabara aliye macho, wanafunzi waliochangia damu juzi yake, mume aliyekubali mapema mkewe aje hospitali. Ningeimba mimi ningesema sisi.

Niandikie wewe umeusikiaje, na kwa nini ulinitumia mimi. Nitumie na ule wa Kiingereza wa Richard Kiley, yeye ndo aliyeuimba kwanza kule New York. Kesho naingia usiku. Msalimie shemeji na watoto.