Nimsaidieje binti yangu asiogope kuungama?

Ndugu Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Binti yetu anajiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza na, kwa utaratibu wa Kanisa, atatangulia kuungama. Mafundisho mengine anayapenda, lakini somo la Sakramenti ya Kitubio linapokaribia huanza kulalamika kwamba tumbo linamuuma.

Nimetafuta chanzo cha hofu hiyo, na naona kipo humu humu nyumbani. Kila akikosea, hakosekani mtu mzima wa kumwambia, "Ngoja, hilo utamweleza padre." Wasemao hivyo wanampenda, tena ni wakubwa wangu kwa umri. Lakini mtoto aliyezoea kusikia kitubio kikitajwa kama adhabu ataaminije kwamba anakwenda kwa yule baba wa Injili ya Luka, sura ya 15, aliyemwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia na kumkumbatia kabla hajatamka neno lolote la toba? Mwaka 2013 Papa Fransisko aliwakumbusha mapadre kwamba kiti cha maungamo hakipaswi kuwa chumba cha mateso. Nadhani sisi wazazi tunauhitaji ukumbusho huo vilevile.

Nimemweleza kuhusu siri ya maungamo, kwamba padre haruhusiwi kumfunulia mtu yeyote aliyoyasikia, hata mimi mama yake, na hilo lilimtuliza kidogo. Nimemhakikishia pia kwamba dhambi aliyoisahau bila kukusudia haibatilishi maungamo yake. Hata hivyo ameniuliza kama itambidi abuni dhambi endapo hatakuwa na za kutosha, swali lililoniumiza sana, kwa kuwa linaonyesha anadhani anakwenda kufanya mtihani.

Naomba ushauri. Nitamsaidiaje kutafiti dhamiri bila kumwandikia orodha, ambayo nahofu itajaa yale yanayoniudhi mimi? Sitaki pia kumwambia kwamba dhambi ni jambo dogo, kwani anapomwumiza mdogo wake hujuta kwelikweli, na majuto hayo ningependa ayapeleke kwa Mungu mwenyewe. Je, ingefaa nimwombe padre azungumze naye kabla ya siku yenyewe, au atazidi kuogopa? Na zaidi ya yote, niwaambieje wakubwa wangu, kwa heshima wanayostahili, waache kumtishia kwa sakramenti hii?

Wako katika Kristo,
Mama wa mtoto wa mafundisho