Krismasi ya Nuremberg hufungwa saa nane mchana

Mhariri,

Mapema Desemba gazeti lenu lilitushauri sisi wanandoa tulioko Ulaya tukale Krismasi Nuremberg, Ujerumani, na usiku wa mkesha tutembee sokoni tukishikana mikono katikati ya vibanda vyenye taa. Mimi na mke wangu tulitii. Usiku wa mkesha pale sokoni hapakuwa na kibanda wala taa, na mikono kila mtu aliificha ndani ya koti lake.

Mke wangu ni muuguzi hapa Munich. Alitoka zamu ya usiku asubuhi ya tarehe 24, akalala kidogo, tukapanda treni ya kasi, safari isiyozidi sana saa moja. Tulifika uwanja wa Hauptmarkt saa nane kasoro robo mchana. Vile vibanda vya mbao vyenye paa za kitambaa cha mistari myekundu na myeupe tulivikuta, ila wenyewe walikuwa wanapanga bidhaa kwenye makasha. Nikawahi vikombe viwili vya divai ya moto yenye mdalasini na karafuu (sikuthubutu kuuliza kama ni ya Pemba) na mkate mdogo wenye soseji tatu ndani. Usicheke, Mhariri, soseji za Nuremberg ni nyembamba kama kidole, na kuwekewa tatu ndiyo desturi yenyewe. Saa nane ilipogonga, mwenye jiko akazima. Vikombe hulipiwa dhamana, ukirudisha unapewa hela yako. Tulipomaliza kunywa, dirisha la kurudishia lilikuwa limeshafungwa.

Soko hilo huanza Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, na tarehe 24 saa nane mchana ndiyo basi. Mkesha kwa Wajerumani ni jambo la nyumbani kwao, na tarehe 25 na 26 maduka hayafunguliwi. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa totoro, mvua nyepesi inanyesha, theluji ya kwenye picha yenu hakuna. Chakula chetu cha jioni kilitoka kwa Mturuki mmoja karibu na stesheni, Mungu ambariki. Sisi ni watu wa Marangu. Saa hizo nyumbani mbege iko tayari na mbuzi anajua siku zake zimekwisha. Tulikula kimya.

Lakini siku ya Krismasi mchana mke wangu alicheka hadi machozi. Juu ya mlango wa kanisa la Frauenkirche, palepale uwanjani, kuna saa ya mwaka 1509. Kila siku saa sita mchana vijimilango vinafunguka, na sanamu za watawala saba waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme zinamzunguka Kaisari Karl IV mara tatu. Ni kumbukumbu ya sheria yake ya mwaka 1356, iliyoagiza pia kwamba kila mfalme mpya afanyie mkutano wake wa kwanza Nuremberg. Nilipomweleza hayo akasema, "Kumbe na hawa huja kuhesabiwa!" Wasomaji wenu wasio Wachaga, wanaotutania kila Desemba kwamba tunarudi Kilimanjaro kuhesabiwa, wataelewa.

Kuna na hili, na hapa sitanii. Mliandika kwamba mji huo wa kale haujaguswa tangu enzi za wafalme. Jioni ya tarehe 2 Januari 1945 ndege za Waingereza ziliuteketeza. Sehemu kubwa ya mnachokisifia ilijengwa upya baada ya vita, na kanisa lenyewe lilibaki kuta. Na uwanja wa soko palikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349 mamia yao waliuawa, nyumba zao zikabomolewa kwa idhini ya Karl IV huyohuyo, na Frauenkirche ikasimamishwa mahali pa sinagogi lao. Nilisoma hayo kwenye simu hotelini usiku wa Krismasi, nikamsomea na mwenzangu. Tarehe 26 tulipita tena uwanjani saa sita mchana. Watu walinyanyua simu kupiga picha. Yeye safari hii hakutazama juu.

Hatujutii kwenda. Hoteli ilikuwa na joto, na ilikuwa miezi tangu tulipopata siku mbili za kuwa pamoja bila zamu kutuingilia. Ila Mhariri, mwakani mkirudia makala hiyo, wekeni tarehe na saa. Aliye kazini hadi mkesha mwambieni aende mwishoni mwa Novemba.

Na akitokea msomaji wa kwenda wakati huo, vikombe viwili viko kabatini kwangu. Anirudishie, dhamana tutagawana.

Mmarangu aliye Munich, Ujerumani